Kuzuia na Kudhibiti Uzito Uliozidi: Mwongozo kwa Nyumba Nzima

Mtoto wa miaka 7 hanunui chakula cha nyumbani, hapangi saa ya kulala, wala hachagui ukubwa wa sahani anayopakuliwa. Hata hivyo, uzito wake unapozidi, yeye ndiye anayeambiwa ajizuie. Mwongozo huu unaanzia mahali pengine: kinachoingia jikoni, kinachonywewa, muda unaotumika kukaa na muda unaotumika kulala, kwa kuwa mambo hayo huamua uzito wa watu wanaoishi pamoja kuliko inavyoweza nia njema ya mmoja wao. Nia inahitajika, lakini huchoka jioni, huchoka wakati wa msongo wa mawazo, na huchoka zaidi pale ambapo chakula kinachoepukwa kiko mezani na wengine wote wanakila.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na unene uliokithiri. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya milioni 390. Uzito huo huongeza hatari ya kisukari aina ya 2, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, kiharusi, maumivu ya magoti, kukatika kwa pumzi usingizini na aina kadhaa za saratani. Kwa hiyo yote yatakayosemwa hapa yanahusu afya. Umbo la mtu na jinsi watu wanavyolitazama ni habari nyingine kabisa.

Kupima ipasavyo

Kwa mtu mzima, gawanya uzito wake kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.65 atapata takriban 29.4. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ingawa kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza kupanda mapema zaidi, kwenye 23 hivi. Kipimo hiki, ambacho wahudumu wa afya wengi hukiita BMI, hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakionyeshi mafuta yamekaa sehemu gani ya mwili. Ndiyo maana mzingo wa kiuno nao unapaswa kupimwa, kwa kuwa mafuta yanayozunguka ini na viungo vingine vya ndani ya tumbo yana madhara makubwa kuliko yale ya mapajani. Zungusha utepe katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha soma. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu. Kwa mtu wa sentimita 165, hiyo ni chini ya sentimita 82.5.

Namba hizo za watu wazima hazimfai mtoto. Mwili wake hubadilika kwa umri na jinsia, na kwa sababu hiyo hupimwa kwa kulinganishwa na watoto wa rika lake kwenye chati ya ukuaji. Chini ya miaka 5 hutazamwa uzito kwa urefu, na kwa wakubwa zaidi hutazamwa uwiano ule wa uzito na urefu kulingana na umri. Mwombe mhudumu akuonyeshe mstari wa mtoto wako kwenye chati na akueleze unaelekea wapi, kwa sababu mwelekeo una maana kubwa kuliko kipimo cha siku moja. Kwa kawaida mtoto hupungua unene kidogo baada ya mwaka wa kwanza mpaka anapokaribia miaka 5 au 6, ndipo uwiano wake huanza kupanda tena. Kupanda huko kukija mapema sana, au mstari ukivuka mistari ya juu ndani ya mwaka mmoja, ni wakati wa kuchukua hatua hata kama mtoto bado anaonekana wa kawaida, na pengine hasa kwa sababu bado anaonekana wa kawaida.

Mtu mzima anayejidhibiti ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwa mizani ileile. Mtoto asipandishwe kwenye mizani nyumbani kila mara, na kamwe asipimwe mbele ya ndugu zake ili walinganishwe. Kupimwa kliniki kila baada ya miezi michache kunatosha.

Vinywaji kabla ya chakula

Familia inayoweza kubadilisha jambo moja tu mwezi huu ibadilishe kinachonywewa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango cha kwanza ni gramu 50 na cha pili ni gramu 25, yaani takriban vijiko 6 vya chai. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi. Mtoto mdogo, ambaye mahitaji yake ya nishati ni madogo kuliko hayo, hufikia kikomo chake mapema zaidi.

Sukari ya kunywa ina tatizo la ziada: haishibishi kama inavyoshibisha chakula cha kutafuna, kwa hiyo anayekunywa glasi mbili za kinywaji kitamu hapunguzi kiasi hicho cha nishati kwenye mlo unaofuata. Hili linahusu pia juisi iliyokamuliwa nyumbani bila sukari yoyote, jambo ambalo wazazi wengi hulipokea kwa mshangao, maana wanaitoa kwa mapenzi wakiamini ni tunda. Tunda zima lina nyuzinyuzi, huchukua muda kutafunwa, na ni vigumu kula manne mfululizo. Kuyanywa manne kwenye glasi moja ni rahisi mno. Mpe mtoto tunda, na akiona kiu, mpe maji.

Utaratibu unaofanikiwa ni kuacha kuweka vinywaji vitamu nyumbani kwa kila mtu, wala si kumkataza mmoja akiwatazama wengine. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko, ikae hivyo wiki mbili, kisha ipunguzwe tena, ulimi huzoea. Kuhamia kwenye vitamu visivyo na sukari si njia ya mkato, kwani mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa ushahidi haukuonyesha manufaa ya muda mrefu katika kupunguza mafuta mwilini. Kwa watu wazima wanaotumia pombe, kila gramu ya kileo ina kilokalori 7, karibu sawa na mafuta yenye 9, na nishati hiyo huingia bila shibe yoyote.

Jikoni na mezani

Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mpishi wa nyumbani angefaidika kulijua. Watu 20 waliishi kituoni na kupewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi kwa wiki mbili, na vyakula visivyosindikwa, au vilivyosindikwa kidogo tu, kwa wiki mbili nyingine. Milo ya pande zote mbili ilipangwa iwe na kiasi kinacholingana cha nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja; katika wiki nyingine wakapungua kiasi kama hicho. Hakuna aliyewaamuru wale zaidi wala wale kidogo. Walikula haraka zaidi vyakula vile laini, na shibe ikachelewa.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu chochote, ongeza chakula kinachopikwa kutoka kwenye malighafi inayojulikana. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ya protini, kama jamii ya kunde, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo inayobaki iwe ya wanga, nafaka zisizokobolewa zikipewa nafasi ya kwanza. Matunda na mboga kwa siku vifike angalau gramu 400 kwa mtu mzima. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa, kwani kijiko kimoja cha mezani kina takriban kilokalori 120 na mkono wenye haraka humimina vijiko vitatu bila kujua. Pakua jikoni, sufuria ya wanga ibaki huko, na mboga ndizo ziletwe mezani ili anayetaka kuongeza aanze nazo. Runinga na simu zizimwe wakati wa kula, kwa sababu macho yakiwa kwenye kioo mtu hapati taarifa ya tumbo kwa wakati.

Peremende, biskuti na vitafunio vya chumvi visitangazwe kuwa haramu. Visihifadhiwe tu nyumbani. Kilichokatazwa lakini kiko kabatini humwita mtoto usiku na mchana, na humwita mtu mzima vilevile. Kisichokuwapo hakihitaji nguvu ya kukikataa. Vikiliwa mara mojamoja kwenye sherehe au matembezini, viliwe kwa furaha na bila hotuba.

Watoto

Kinga huanza mapema. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Anayelishwa kwa chupa asilazimishwe kuimaliza anapogeuza kichwa. Kila kilio kisitulizwe kwa chakula. Mtoto hulia pia kwa usingizi, joto, kuchoka na kutaka kubebwa.

Kwa watoto wengi wenye uzito uliozidi, lengo si kupunguza kilo. Lengo ni uzito usimame au uongezeke polepole wakati kimo kinaendelea kukua. Chukua mtoto wa miaka 9 mwenye mita 1.30 na kilo 40: uwiano wake ni 23.7. Akifikisha mita 1.36 mwaka unaofuata bila kuongeza kilo, uwiano unashuka hadi 21.6, na hajanyimwa chakula hata siku moja. Kumwekea mtoto anayekua mlo mkali wa kupungua bila usimamizi wa daktari kunaweza kumkosesha virutubisho vinavyojenga mifupa na ubongo, na mara nyingi humfundisha kula kwa siri. Kupunguza kilo hasa kwa mtoto kunahitajika pale tu unene umekithiri au kuna madhara tayari, na kazi hiyo isimamiwe na wataalamu.

Mgawanyo wa kazi mezani ufahamike na kila mlezi, bibi na babu wakiwemo: mkubwa huamua kinachopikwa, saa ya kula na mahali pa kula, mtoto huamua ale kiasi gani katika hicho kilichoandaliwa. Amri ya kumaliza sahani humzoesha kupuuza shibe yake. Ahadi ya kitu kitamu akila mboga humfundisha kwamba mboga ni adhabu na utamu ni tuzo. Mboga mpya iwekwe mezani mara kumi au zaidi bila kulazimisha, watu wazima wakiila mbele yake kwa utulivu, maana mtoto huiga kinywa kabla ya kusikia mafundisho.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo hili linaumiza watoto wengi. Majina ya utani kuhusu unene, hata yakitolewa kwa kicheko na watu wanaompenda mtoto, hayampunguzii uzito. Mtoto anayechekwa hukwepa michezo ili asionekane, hula akiwa peke yake, na hubeba aibu hiyo mpaka utu uzima. Ikiwa ndugu mmoja ni mnene na mwingine ni mwembamba, wote wale chakula kilekile na kutoka kucheza pamoja. Zungumza juu ya nguvu, usingizi mzuri na kuweza kukimbia bila kuhema. Usizungumze juu ya umbo lake, na usilaumu umbo lako mwenyewe mbele yake.

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za michezo inayowafanya wahemee, na wa miaka 1 hadi 4 wanahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa namna yoyote ndani ya siku nzima. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asiketishwe mbele ya kioo cha runinga au simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1. Usingizi nao ni sehemu ya tiba: miaka 3 hadi 4 hulala saa 10 hadi 13, miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kukosa usingizi huongeza njaa na hamu ya vitu vitamu, kwa hiyo simu inayolala sebuleni badala ya chumbani inaweza kusaidia uzito wa kijana kuliko mlo wowote maalumu.

Watu wazima

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa sasa. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 4.5 hadi 9, na kiasi hicho kinatosha kuboresha shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu hata kama mtu bado anahesabiwa kuwa mnene. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu waliokuwa wakikaribia kupata kisukari, ukawawekea baadhi yao lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi au kufanya mazoezi mengine kwa dakika 150 kwa wiki. Ndani ya miaka mitatu hivi, visa vipya vya kisukari kwenye kundi hilo vilikuwa pungufu kwa asilimia 58 vikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Hayo ni matokeo makubwa kwa mabadiliko ya kiasi, na ndiyo sababu sishauri kulenga uzito wa ujana.

Mlo gani ufuatwe? Unaopunguza nishati na ambao mtu anaweza kuishi nao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha mlo wa wanga kidogo na mlo wa mafuta kidogo kwa watu wazima 609 kwa mwaka mzima. Mwaka 2018 waliripoti kwamba makundi yote mawili yalipungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, bila tofauti ya maana kati yao. Pungufu ya takriban kilokalori 500 kwa siku huanza kwa kushusha karibu nusu kilo kwa wiki. Andika unachokula kwa wiki mbili za mwanzo, bila kujihukumu, kwa sababu kumbukumbu husahau vitafunio vinavyoliwa ukiwa umesimama.

Kisha kasi itapungua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa bure. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Isitoshe, mafuta yakipungua, homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hushuka, na ubongo huielewa hali hiyo kama upungufu, ukaongeza njaa na kubana matumizi. Mtu anayesimama kwenye uzito uleule baada ya miezi kadhaa hajashindwa. Mwili wake unafanya kazi uliyoumbiwa. Kazi yake sasa ni kulinda alichokipata. Ajiwekee mpaka, tuseme kilo 2 juu ya uzito huo, na akiuvuka arudi kuandika anachokula na kupima mafuta kwa kijiko kabla kilo 2 hazijawa 10.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Lakini ndiyo yanayosaidia zaidi uzito usirudi, hupunguza mafuta ya tumboni, na hulinda misuli ambayo vinginevyo ingepotea pamoja na mafuta. Kiwango kinachopendekezwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, kama kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli siku 2 au zaidi. Aliyekaa miaka mingi bila mazoezi aanze na dakika 10 baada ya mlo. Wazee wasipuuze mazoezi ya nguvu na protini ya kutosha, kwa maana mzee anayepungua uzito kwa kupoteza misuli huishia kudhoofika na kuanguka. Mjamzito asijaribu kupungua. Afuate kiwango cha kuongezeka atakachopewa kliniki.

Wakati wa kwenda hospitali

Mtoto anayenenepa huku akiwa mfupi kuliko wenzake, au aliyeacha kurefuka, achunguzwe homoni. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, mwenye kiu na mkojo mwingi, au mwenye ngozi iliyogeuka nyeusi zaidi na nene shingoni au kwapani, aonwe na daktari bila kusubiri. Mtoto mnene anayechechemea au kulalamika maumivu ya nyonga au goti apelekwe siku hiyohiyo, kwani kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kwenye nyonga. Huzuni ya muda mrefu, kula kwa pupa bila kuweza kujizuia, au kujitapisha baada ya kula vinahitaji msaada wa kitaalamu kwa mtoto na mtu mzima.

Baadhi ya dawa huongeza uzito, zikiwemo steroidi, insulini, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na kifafa. Usiziache mwenyewe, uliza kama kuna mbadala. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ikifanya kazi polepole nayo huweza kuongeza uzito, na hali hiyo hugunduliwa kwa kipimo cha damu.

Unene uliokithiri ni ugonjwa, na kuutibu kwa dawa au upasuaji si udhaifu wa tabia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu waliotumia semaglutide, dawa ya sindano inayopunguza njaa, pamoja na ushauri wa mlo na mazoezi walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68, lakini wengi walioacha walirejesha sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo mpango wa muda mrefu ujadiliwe kabla ya kuanza. Anayefanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito huhitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yake yote.

Chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa bila daktari vinastahili tahadhari ya pekee. Katika baadhi yake imegundulika sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa ya damu, ikiwa imechanganywa bila kutajwa kwenye lebo. Anayetumia bidhaa ya namna hiyo na kuhisi moyo ukienda mbio, kizunguzungu au maumivu ya kifua aiache mara moja, aende hospitali, na abebe pakiti yake ili daktari aione.